Nimesoma biashara, sijui kuandika programu: kazi za teknolojia inayomjali mtumiaji naziingiaje?

SWALI: Habari kaka. Nina digrii ya biashara na miaka mitatu nipo kitengo cha huduma kwa wateja, kutwa napokea simu za watu walioshindwa kutumia apu yetu. Nataka kuhamia kwenye teknolojia lakini ile inayomfikiria mtu, sio kukesha na programu. Nikitafuta nakutana na UX (user experience, yaani uzoefu wa mtumiaji), meneja wa bidhaa, mchambuzi wa biashara, mtafiti wa watumiaji, nachanganyikiwa kabisa. Nianzie wapi, na ni lazima nirudi chuo?

JIBU: Salama dada. Hayo majina yasikuumize kichwa, hata wenye kampuni hawajaelewana. Unaweza kukuta sehemu moja meneja wa bidhaa ndo anaamua kipi kijengwe na kipi kiachwe, ukienda ya pili cheo hichohicho ni mtu wa kuandika dondoo za vikao tu. Don Norman, mtaalamu wa jinsi watu wanavyotumia vitu, alipoingia Apple mwaka 1993 ndo akaja na cheo chenye maneno user experience ndani yake, maana vyeo vilivyokuwepo aliona ni vifinyu, na yeye mwenyewe alianza na uhandisi wa umeme kabla ya kuhamia saikolojia. Kwahiyo ukiona tangazo ruka cheo, soma majukumu, angalia nani anaongea na watumiaji, nani anaamua, na nani anaulizwa namba zikishuka. Kazi unayoitaka wewe ni ile inayogusa angalau mawili kati ya hayo.

Sasa nikwambie kitu, wewe hujaanza sifuri. Hizo simu unazopokea wadizaini wengi wanazitamani na hawazipati. Chukua simu za mwezi mmoja, zipange kwenye Excel kwa pale mtu alipokwama, sio kwa alichokuita yeye. Tuseme, mfano tu, simu 300 na 90 kati yake mtu amekwama kwenye ukurasa wa namba ya uthibitisho, anasema "haijafika", kila simu dakika 8, hapo zimeenda dakika 720, yaani saa 12 za watu wa simu kila mwezi kwa ukurasa mmoja tu. Hiyo tayari ni lugha ya biashara, na umeipata bila kuandika mstari hata mmoja wa programu.

Alafu tafuta watu kama watano wanaofanana na wateja wenu, wape simu mkononi waambie jisajili, wewe kaa pembeni NA USISAIDIE (hii ndo ngumu kuliko zote, kidole kitakuwasha). Kwanini watano? Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kuonyesha kama asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, ila hesabu yake inachukulia kwamba kila mtu anaibua karibu theluthi ya matatizo na kwamba watumiaji wanafanana, so kama mna wateja wa aina mbili tofauti pima kila kundi kivyake. Utakachokiona kinaweza kuwa hivi: mtu anatoka kwenye apu kwenda kusoma meseji, akirudi ukurasa umejifuta, anaomba namba nyingine, ile ya kwanza inakufa, anaandika ya kwanza inakataa. Kwenye simu atakwambia "haijafika" wakati ilifika mara mbili. Pengo hilo kati ya alichosema na alichofanya ndo kazi yenyewe, na ndo maana simu peke yake hazitoshi.

Ukimaliza andika kurasa mbili: tatizo, lilikuwa linakula nini, uliona nini, ulipendekeza nini, na kama walirekebisha basi hesabu tena simu za mwezi uliofuata. Kurasa mbili kweli, nina sababu. Mimi miaka ya mwanzo nilipeleka ripoti ya kurasa 40 kwa bosi, ina picha, ina maneno ya watumiaji, nilijiona nimemaliza, akaifunga akaniuliza "hii inatugharimu kiasi gani?" nikabaki natoa macho. Ripoti haikufunguliwa tena. Na kabla hujaionyesha nje omba ruhusa ya kampuni na ufute majina na namba za wateja, anayekusaili akiona umeanika taarifa za watu atajua na za kwake utazianika.

Kuandika programu sio lazima. SQL (lugha ya kuuliza data kwenye hifadhidata) ya kuweza kuchomoa data mwenyewe bila kumbembeleza mtu, hiyo ndiyo, jifunze. Chuo sikushauri uanze nacho, labda kama unataka utafiti mzito kwenye kampuni kubwa, huko shahada ya pili ya saikolojia au ya mahusiano ya binadamu na kompyuta inasaidia. Vyeti vya wiki chache sivipingi ila kile kimtindo cha kuchora upya apu maarufu ambayo hata hujawahi kuongea na mtumiaji wake, wasaili wameshakichoka.

Mlango wa karibu ni hapohapo ulipo. Mfuate meneja wa bidhaa wenu na hiyo Excel, usiombe kazi, muombe akuache ukae kwenye kikao kimoja cha kupanga kazi za mwezi. Kama kwenu hakuna mtu wa hivyo basi omba nje nafasi za mchambuzi wa biashara au mtafiti msaidizi, na ukiitwa kwenye usaili na wewe waulize: mara ya mwisho mlibadilisha kitu baada ya kumtazama mtumiaji ilikuwa lini, na kilikuwa nini? Wakianza kutazamana, ujue huko utaenda kupamba vitufe tu.