Kabla hujanunua mbegu ya pamba ya Bt, piga hesabu kwa kilo

Tangu serikali ya Kenya iruhusu pamba ya Bt Desemba 2019 na mbegu ianze kuwafikia wakulima mwaka uliofuata, majirani zangu huku Busia wananiuliza swali moja: inalipa? Nami huwauliza: inamlipa nani? Mwenye ekari moja anayetegemea mvua na mwenye ekari hamsini za kumwagilia wananunua pakiti ile ile, lakini hawavuni faida ile ile.

Mbegu hii imepandikizwa jeni za bakteria wa udongoni, Bacillus thuringiensis. Funza wa vitumba akiitafuna, anakufa. Kazi yake inaishia hapo. Haiongezi rutuba, haiiti mvua, na vidukari na kangambili wataendelea kufyonza kama kawaida, kwa hiyo dawa ya wadudu hao bado utainunua. Inachookoa ni mavuno ambayo shamba lako lingetoa kama funza wasingekuwepo.

Ndiyo maana mimi hesabu hii naipiga kwa kilo za pamba. Chukua bei ya mbegu ya Bt ya ekari moja, toa bei ya mbegu ambayo ungepanda siku zote, kinachobaki ukigawe kwa bei ya kilo moja ya pamba. Tuseme umepata kilo 60. Kama ekari yako ina uwezo wa kilo 300 na funza huwa wanakula robo, mbegu itakuokolea kilo 75. Ukishatoa gharama unabaki na kilo 15, na hapo mvua haijakukatikia katikati ya msimu. Mwenzako mwenye maji, anayefikisha kilo 1,000, robo yake ni kilo 250. Naye amelipa kilo 60 zile zile, anabaki na 190. Mkulima wa nusu ekari anayepalilia kwa wakati na kutia samadi anaweza kumzidi, kwa kila ekari, tajiri aliyeachia magugu ekari ishirini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza shamba ni kubwa kiasi gani, uliza linatoa kilo ngapi kwa ekari.

Hiyo robo usiikisie. Msimu huu, ukiwa bado na pamba ya kawaida, pita shambani kutoka kona hadi kona ukiokota vitumba vilivyoanguka. Angalia kitundu cha mviringo ubavuni. Kipasue: ndani utakuta kinyesi cha funza kama unga uliolowa, na nyuzi zimeshaingia rangi ya kahawia. Visivyo na tundu vipasue pia, maana funza wa rangi ya waridi huingia akiwa mdogo sana na tundu lake huziba; visivyo na funza wala kinyesi ndani viweke kando, hivyo huenda vimeangushwa na ukame au na sababu nyingine, na Bt isingevisaidia. Tazama pia vilivyobaki mitini. Ukikuta vilivyoliwa na funza ni vichache, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye mbolea.

Kuna jambo la dawa ambalo nadhani washauri wengi wanalipita haraka mno. Mkulima mkubwa hupiga dawa kwa ratiba, kwa hiyo faida yake ataiona kwenye risiti: madumu yanapungua. Mkulima mdogo mara nyingi hakuwa na pesa za kupiga dawa mara zote zinazotakiwa. Yeye akitafuta faida kwenye risiti hataiona. Faida yake iko kwenye vitumba vilivyopona, na iko mgongoni. Mistari ikiachana sentimita 90, kupiga dawa ekari moja mstari kwa mstari ni mwendo wa karibu kilomita nne na nusu na pampu ya lita 20 mgongoni, kabla hujahesabu maji ya kuteka mtoni, ambayo nyumba nyingi yanatekwa na akina mama na watoto. Trekta hufanya kazi hiyo kwa dakika chache. Inaniuma kuona jasho hilo linaachwa nje ya hesabu eti kwa sababu halina risiti. Lihesabu. Na upande wa pili hesabu vibarua wa kuchuma, maana vitumba vikiongezeka nao wanaongezeka.

Bei ya pakiti yenyewe si amri ya Mungu. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Andhra Pradesh, India, iliilazimisha bei ya pakiti ya gramu 450 kushuka kutoka zaidi ya rupia 1,600 hadi 750, na zile kilo za kulipia mbegu zikapungua kwa zaidi ya nusu. Vyama vyetu vya wakulima vina la kudai hapo. India hiyo hiyo, kufikia 2010, ilithibitishwa kwamba funza wa rangi ya waridi wa jimbo la Gujarat wamekuwa sugu kwa Bt ya kizazi cha kwanza, ile yenye jeni moja: wanaitafuna na hawafi. Funza huyu hutegemea zaidi pamba, kwa hiyo mahindi na maharagwe yaliyo kando hayasaidii kuchelewesha usugu wake. Dawa yake ni kutenga kipande cha pamba ya kawaida, ili funza wasio sugu wabaki na kuzaana na walio sugu. Kwenye ekari hamsini ni rahisi. Kwenye ekari moja kunauma, basi kubalianeni na majirani, na wote mng'oe mabua mara tu baada ya kuchuma.

La mwisho ni mkopo. Makhathini, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, wakulima wadogo walianza pamba ya Bt 1998 na wengi wakaipokea haraka. Kampuni moja iliwakopesha pembejeo, ikinunua pamba na kukata deni. Mwaka 2002 kikafunguliwa kiwanda kingine cha kuchambua pamba, wakulima wakauza huko, deni likawa halikatiki tena, mikopo ikasimama, na kilimo cha pamba kikaporomoka huku jeni ikiendelea kuua funza vizuri tu. Mwenye akiba huvuka msimu kama huo. Wewe wa ekari mbili, kama hujajua nani atanunua, kwa bei gani, na deni litakatwaje mvua ikikosekana, panda Bt robo ekari tu, kwa pesa yako mwenyewe.