"Umeilipua": sifa au lawama?

SWALI: Mhariri wangu amenirudishia makala na neno moja tu pembeni: "Umeilipua." Nilidhani ananisifu kwamba imetikisa, kama mtu anayelipua bomu. Mwenzangu anasema nimekaripiwa. Yupi kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Ukilipua bomu, kwa maana ya mafumbo, umefichua jambo zito lililokuwa limefichwa. Ukilipua kazi, umeifanya harakaharaka, bila uangalifu, ilimradi iishe. Kitenzi ni kilekile. Kinachoamua maana ni kile kinacholipuliwa. Makala, barua, ripoti na insha vyote viko upande wa kazi. Ndiyo maana tunasema "ripoti ya kulipua" na kila mtu anaelewa haikusomwa mara ya pili.

Angalia pia kwamba maana hii haihamii kwenye "lipuka". Baruti hulipuliwa ikalipuka. Insha hulipuliwa, lakini hatusemi "insha imelipuka" tukikusudia uzembe, kwa sababu uzembe lazima uwe na mwenyewe.

Hapo ndipo wengi wanapolichanganya "lipua" na "boronga". Anayeboronga ameharibu, na huenda alijitahidi kwa uwezo wake wote. Anayelipua alikuwa na uwezo, hakujali tu. Chukua ukurasa wenye "aliudhulia" kila mahali: mwandishi hajui tahajia ya neno hilo, afundishwe. Sasa chukua ukurasa ulioandikwa "alihudhuria" mstari wa kwanza, "aliudhulia" mstari wa nne, na mhusika aliyeanza kama Halima akamalizia kama Alima. Huyu anajua, ila hakurudia kusoma. Huyo ndiye amelipua, na kwangu mimi kosa lake ni zito kuliko la yule wa kwanza, maana anamwachia msomaji kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe.

"Paruza" nalo husikika kwa maana hiyo ya kulipua kazi, hasa kwa mwandiko wa mkono uliokwaruzwa juujuu.

Tahadhari moja: "kulipua" kwa maana hii ni lugha ya mazungumzo. Mhariri anaweza kukuandikia pembeni ya makala bila shida. Katika barua rasmi ya tathmini, ningeandika "imeandikwa kwa haraka na bila uangalifu". Kwako wewe, anza na majina ya watu: pitia kila jina tangu mwanzo hadi mwisho uone kama limeandikwa namna moja, kisha ndipo urudi kwenye sentensi.