Boma halitajiriki kwa kujiuzia kuku

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mhasibu wa kampuni inayouza vyakula kwa jumla, si mbali na soko la Kibuye. Kampuni yetu ilinunua asilimia 80 ya kinu cha unga kule Webuye. Mwaka jana ikanunua asilimia 40 ya kampuni ya malori ya Nakuru. Asilimia 60 ni ya kaka yake mkurugenzi wetu. Sasa tumeomba mkopo na benki inataka hesabu za kundi, yaani za kampuni zetu kana kwamba ni kampuni moja. Nikafungua Excel, nikapanga safu tatu, nikajumlisha. Faili ikarudi na maneno matatu: "Haya ni majumlisho." Nilikosea wapi? Na kwa nini bado wanataka hesabu za kampuni yetu peke yake, kama za kundi zipo? Tena kinu hufunga mwaka 30 Septemba, sisi 31 Desemba. – Mhasibu wa Kibuye

JIBU: Pole, dada. Usione haya. Kundi la kwanza nililoshika mimi lilikuwa la mwajiri mmoja hapa Nakuru, miaka ya tisini, tukiandika kwa penseli kwenye zile karatasi pana za safu kumi na nne. Nilifuta mauzo ya ndani vizuri kabisa, nikasahau magunia yaliyobaki stoo. Mkaguzi akaniuliza, "Faida hii, nani wa nje ameilipa?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali hilo ndilo ninaloanza nalo.

Fikiria boma. Mke mkubwa anafuga kuku, mke mdogo ana kibanda cha chakula barabarani. Mkubwa anamuuzia mdogo kuku kwa shilingi 900, naye alimgharimu 700. Je, boma limepata 200? Bado. Kuku amevuka ua tu. Boma litapata siku dereva wa lori atakapoketi kibandani, ale, alipe.

Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, uliza nani yumo bomani. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IFRS 10, kinachotumika tangu 2013, kinatazama udhibiti: una uwezo wa kuamua shughuli kuu za kampuni ile, mapato yako yanapanda na kushuka pamoja nayo, na unaweza kuutumia uwezo huo kuyabadili mapato hayo. Kinu kimo. Malori hayamo. Anayeajiri madereva na kuamua mzigo upi ubebwe ni kaka mtu, na undugu si udhibiti. Umeyaingiza malori yote ya watu wengine, na mikopo yake yote, kwenye mizania yenu, yaani orodha ya mali na madeni! Hapo ndipo benki iliposhtuka, nadhani. Kampuni hiyo ni mshirika tu, yaani mna sauti ndani yake bila kuidhibiti. Inakaa kwenye mstari mmoja: bei mliyoilipia, pamoja na fungu lenu la faida yake. Mkiwa mliilipia milioni 6 mwanzoni mwa mwaka, nayo ikapata faida ya milioni 1.5 bila kutoa gawio, mstari huo unasoma milioni 6.6, na 600,000 inaingia kwenye faida ya kundi. Lakini niletee mkataba wa wanahisa kwanza. Kama una kifungu kinachowapa ninyi haki ya kuteua wakurugenzi walio wengi, haya niliyosema yanageuka.

Sasa kinu. Hukunipa tarakimu zote, kwa hiyo nyingine nimezitunga, uziweke zako. Tuseme mlilipa milioni 24, na siku hiyo mali za kinu ukitoa madeni, baada ya kiwanja na mashine kuthaminiwa upya, zilikuwa milioni 25. Asilimia 80 yake ni milioni 20. Milioni 4 zilizozidi ni gudwili, yaani bei mliyolipia jina na wateja. Milioni 5 ni fungu la wanahisa wachache wa Webuye. Mtaji wa kinu wenyewe, pamoja na akiba ya faida iliyopatikana kabla hamjanunua, hauonekani tena popote kwenye hesabu za kundi. Wewe uliujumlisha juu ya mtaji wenu, na ile milioni 24 ukaiacha upande wa mali. Umehesabu kinu mara mbili. Kosa hili ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko yote.

Baada ya hapo unaingiza mali na madeni ya kinu kwa asilimia 100, si 80. Watu wengi hubisha hapa. Mnadhibiti jiwe zima la kusagia, si vipande vinane kati ya kumi. Sehemu ya wenzenu inaonyeshwa ndani ya mtaji, kwenye mstari wake.

Halafu kuku wetu. Kinu kikiwa kimewauzia unga wa milioni 9 uliokigharimu milioni 7.2, futa hiyo milioni 9 kwenye mauzo na kwenye gharama ya mauzo. Ukiishia hapo, umefanya kosa langu la miaka ya tisini. Nenda stoo uhesabu. Theluthi moja ya unga ikiwa bado imo, hiyo ni milioni 3 kwa bei ya kuuziana, na ndani yake mna faida ya 600,000 ambayo hakuna mtu wa nje aliyeilipa. Punguza bei ya bidhaa zilizo stoo kwa kiasi hicho. Kodi ya kampuni ikiwa asilimia 30, 180,000 inakuwa kodi iliyoahirishwa upande wa mali, yaani kodi ya faida ambayo kundi bado halijaipata, na faida ya kundi inashuka kwa 420,000. Kwa kuwa muuzaji ni kinu, desturi ni wanahisa wachache nao wabebe asilimia 20 yao, 84,000, na ninyi 336,000. Mngekuwa ninyi mliokiuzia kinu, wao wasingeguswa.

Madeni ya ndani nayo lazima yakutane kabla ya kufutwa. Ukikuta leja ya kinu inawadai milioni 2.4 na yenu inasema mnadaiwa 2.1, usiitupe tofauti kwenye akaunti ya muda. Mara nyingi ni pesa mliyotuma 31 Desemba, kinu kikaiandika Januari watu wakirudi kazini. Hiyo 300,000 ni pesa iliyo njiani: iongeze kwenye fedha za kundi, punguza deni upande wa kinu, kisha futa 2.1 kwa 2.1.

Kuhusu tarehe, kiwango kinavumilia tofauti isiyozidi miezi mitatu, tena pale tu ambapo haiwezekani kupata hesabu za tarehe yenu. Lakini dada, unajua mwenyewe kinachotokea Bungoma, kaunti kilipo kinu, kati ya Oktoba na Desemba: mahindi yanaingia, kinu kinanunua usiku na mchana, ovadrafti inavutwa hadi mwisho. Hesabu za 30 Septemba zinaonyesha kinu chenye stoo tupu na deni dogo. Hata ukizitumia, manunuzi hayo makubwa ni lazima uyarekebishe ndani yake. Waambie wakupe za 31 Desemba, yaishe.

Umeuliza kwa nini benki inataka pia hesabu za kampuni yenu, yaani kampuni mama, peke yake. Kwa sababu atakayesaini mkopo ni kampuni mama. Kundi linaweza kuwa na milioni 10 benki, zote zikiwa kwenye akaunti ya Webuye, ambako kuna wanahisa wengine wenye haki zao. Hesabu za kundi hazikuonyeshi hilo. Zile za mama zinafuata IAS 27, kiwango cha hesabu za kampuni peke yake: kinu kinakaa kama kitega uchumi, kwa gharama ya milioni 24, au kwa thamani ya sasa kulingana na IFRS 9, kiwango cha hisa, mikopo na vitega uchumi kama hivyo, au, tangu 2016, kwa njia ile ile ya mstari mmoja niliyoitumia kwa malori. Kampuni kama yenu nitaiambia itumie gharama, kisha kila mwaka mjiulize kama kinu bado kinafikia milioni 24. Na kinu kikitangaza gawio la milioni 2, fungu lenu la milioni 1.6 ni mapato kwenye hesabu za mama. Kwenye hesabu za kundi linafutwa lote, ila 400,000 inayowaendea wenzenu inapunguza fungu lao.

Kwa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hakuna boma. Kila kampuni inaleta ritani yake, na hasara ya mmoja haimpunguzii mwenzake kodi.

SWALI: Nina kampuni ya mbegu hapa Nakuru, na nyingine ya maziwa Njoro. Hisa zote za zote mbili ni zangu binafsi. Nitengeneze hesabu za kundi? – Mkulima

JIBU: Hapana, mzee wangu. Hakuna kampuni inayomiliki mwenzake, na wewe ni mtu, si kampuni mama. Kila moja iandae hesabu zake, na ieleze wazi biashara iliyofanya na ile nyingine na pesa ulizochukua au kuweka wewe mwenyewe. Afisa wa mkopo akitaka kuziona pamoja, mpe zilizounganishwa ziwe na kichwa kinachosema hivyo, na mauzo ya kampuni moja kwa nyingine yakiwa yamefutwa. Na kama ulimhamisha ng'ombe kutoka kampuni moja hadi nyingine kwa faida, faida hiyo ifute pia.