Maswali ya Wasomaji: Mjomba, kile kijarida chenu cha raga kilikufaje?

SWALI: Shikamoo mjomba. Toleo lililopita uligusia kwamba ulipokuwa Nairobi mlikuwa mnatoa kijarida cha mashabiki wa raga, halafu ukaishia hapo hapo. Sisi ni vijana watano wa Ujiji, tunataka kutoa cha kwetu cha mashabiki wa Mashujaa, timu yetu ya soka hapa Kigoma, cha karatasi kabisa, tuuze pale uwanja wa Lake Tanganyika siku za mechi. Watu wanatucheka eti nani atanunua karatasi zama hizi za simu. Je nyie mlipata faida? Na hiyo raga ndo ile ya kuvaa kofia ngumu?
Shabiki wa Upande wa Jua, Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuanze na kofia: hapana, ile ya kofia ni ya Wamarekani, hii watu wanagongana vichwa vitupu. Mpira una umbo la yai, pasi ya mkono hairuhusiwi kwenda mbele, ukiuweka chini nyuma ya mstari wa wapinzani hiyo ni trai, alama 5, ukipiga teke la nyongeza likapita juu kati ya milingoti unaongezewa 2. Ile ya wachezaji saba ni dakika 7 kila kipindi, ukienda kununua soda ukirudi mechi imeisha. Basi, yatosha hayo.

Faida hatukupata bana. Tulikuwa watatu, mimi Mha peke yangu, tukikaa jukwaani pale uwanja wa raga wa RFUEA barabara ya Ngong, tunapiga kelele wiki hadi wiki, mpaka mmoja akasema haya maneno yanapotea bure, tuyaandike. Kurasa 16 ndogo, yaani karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, fotokopi mbele na nyuma bob 2, yaani shilingi 2 za Kenya, kila upande, piga hesabu ni bob 16, tunauza 20. Hiyo 4 inayobaki ndo nauli, na siku ya mvua hata nauli hairudi.

Kilichotutoa jasho ni mpangilio. Karatasi ikishakunjwa, ukurasa wa 1 unakaa pamoja na wa 16, nyuma yake wa 2 na wa 15, unaenda hivyo hivyo, kila jozi ukijumlisha lazima ipatikane 17. Tulijua hilo, ila toleo la pili jamaa wa fotokopi akageuza rundo vibaya, nakala 80 zote kurasa za upande wa nyuma zimesimama kichwa chini miguu juu. Hela ya kurudia hakuna. Tukaziuza hivyo hivyo, na watu wakadhani ni utani wetu, mwezi uliofuata wakauliza mbona safari hii haigeuki!

Stepla ya kawaida nayo haifiki katikati ya karatasi, ile ya shingo ndefu ghali. Fanya hivi: fungua stepla yote, weka kijarida juu ya ndala, gonga, pini itazama kwenye ndala, chomoa taratibu halafu zikunje zile ncha kwa kijiko. Vidole vitatoboka kidogo, utazoea.

Sasa watu walikuwa wananunua nini, maana matokeo walishayaona kwa macho yao? Walikuwa wanafungua ukurasa wa mwisho, tulikoandika yaliyosemwa jukwaani. Kuna mama muuza mayai ya kuchemsha alisema namba tisa wetu anashika mpira kama amepakatishwa mtoto wa mwenzake. Tuliiweka hiyo, na wiki iliyofuata jukwaa zima linamwambia yule kijana mbembeleze atalia! Simu haikupi hiyo mwanangu, simu inakupa matokeo.

Machi 2009 Kenya ikamtoa Fiji robo fainali ya Kombe la Dunia la wachezaji saba kule Dubai, ikaja kufungwa na Argentina nusu fainali. Hatukulala, tukatoa toleo maalumu, likaisha kabla ya saa sita mchana. Na hapo ndo ugonjwa ulipoanzia, kwa sababu klabu moja, sitaitaja, ikasikia habari zetu ikatuita. Tukapewa pasi za bure, viti vya kivulini, soda baridi, kiongozi anakujua kwa jina. Nani atamwandika vibaya mtu aliyemletea soda? Foleni ya tiketi hatukuiona tena, choo kibovu hatukuingia tena, na yule mama wa mayai huku kivulini haruhusiwi. Tukaanza kuandika eti uongozi unaendelea kujitahidi. Mzee mmoja mnunuzi wetu wa siku nyingi akanirudishia nakala akasema, siku hizi hii ni kama tangazo la kifo, kila mtu humo ndani mzuri. Toleo la mwisho tulichapa 200, tukauza 31.

Aprili 2016 Kenya ilipomkung'uta Fiji 30-7 ikabeba kombe Singapore nilishahamia hapa Mwanga, Kigoma, naangalia matokeo kwenye simu, namwambia jirani, ananiuliza hiyo ni ndondi? Nikaingia ndani nikaandika ukurasa mzima nyuma ya daftari la duka, wa kusoma mwenyewe.

Kwa hiyo wakikucheka waache wacheke, ila mbaki huko huko upande wa jua. Mashujaa ni timu ya jeshi, utani uwe na kipimo, lakini foleni, nauli ya bodaboda kutoka Ujiji, bei ya maji mlangoni, yule mzee anayesinzia mpaka goli liingie, hivyo ni vya kwenu. Anza na nakala 50. Jumamosi jioni nakuwepo dukani, njoo na karatasi nne na hao wenzio nikuonyesheni kukunja, ndala ninazo.