Tuliomwona Mahomes chuoni: tulichokiona, na tunachodai leo kwamba tulikiona

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama sisi tuliokuwa Marekani wakati Patrick Mahomes, nyota wa klabu ya Kansas City katika futiboli ya Kimarekani, anacheza mpira wa chuo tulitambua tangu wakati ule kwamba atafika alipofika, au tunajipachika tu kwenye sifa zake baada ya mambo kuwa wazi. Swali hili linanihusu moja kwa moja, kwa sababu nilisoma Chuo Kikuu cha Texas Tech, mjini Lubbock, tangu 2013 hadi 2017, nikifanya utafiti wa pamba, na misimu yake yote 3, yaani 2014, 2015 na 2016, ilipita nikiwa huko. Jibu langu ni kwamba hatukutambua, na kwamba wengi wanaosema leo kuwa walitambua hawasemi uongo wa makusudi. Mafanikio yake ya baadaye yamerudi nyuma na kuipaka rangi mpya miaka ile, hata sisi wenyewe hatuikumbuki tena kama ilivyokuwa.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu, niseme kwanza kwamba klabu za kulipwa za futiboli ya Kimarekani hazina vikosi vya vijana kama vya klabu za soka. Kijana hupitia timu ya chuo kikuu, na kila mwaka klabu za ligi ya NFL huchagua wachezaji wapya kwa zamu, zile zilizofanya vibaya zikitangulia. Lakini timu ya chuo si ngazi ya kupandia tu. Ina mashabiki wake, wimbo wake na uhasama wake wa vizazi, na katika mji kama Lubbock, uliozungukwa na uwanda wa pamba na vumbi, takriban kilomita 500 kutoka kwenye klabu ya kulipwa iliyo karibu zaidi, timu ya chuo ndiyo timu ya mji. Mkulima ambaye hajawahi kukaa darasani chuoni hapo atakutajia matokeo ya miaka 30 iliyopita bila kupepesa macho. Watu hawa hawakwenda uwanjani kutazama nyota wa kesho wa Kansas City. Walikwenda kuitazama timu yao ikishinda au ikishindwa siku hiyo.

Na timu hiyo, wakati wa Mahomes, ilishindwa mara nyingi. Msimu wa 2014 ilishinda michezo 4 na kupoteza 8. Msimu wa 2015 ilishinda 7, ikapoteza 6, na mchezo wa mwisho ikafungwa na LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, pointi 56 kwa 27. Msimu wa 2016, ambao ndio uliokuwa bora kwake binafsi, akiwa na zaidi ya yadi 5,000 za pasi, yaani umbali ambao mpira ulisogezwa mbele kwa pasi zake, na pasi 41 za mabao, timu ilishinda 5 na kupoteza 7. Ukihesabu michezo aliyoianza yeye kama kwotabeki, yaani yule anayepokea mpira mwanzoni mwa kila shambulizi na kuamua uende wapi, utapata ushindi 13 na vipigo 16. Ninaomba msomaji ashike takwimu hiyo mkononi anapotazama zile video fupi zinazozunguka mitandaoni, kwa sababu hazioneshi hata kipigo kimoja.

Mchezo unaotajwa kuliko yote ni wa tarehe 22 Oktoba 2016, Oklahoma walipokuja Lubbock na kushinda 66 kwa 59. Mahomes alirusha pasi 88, zikafika 52, akapata yadi 734, akaifikia rekodi ya taifa ya yadi za pasi katika mchezo mmoja, na ukijumlisha alizokimbia mwenyewe zilikuwa yadi 819, ambazo mchezaji mmoja hakuwahi kuzifikisha katika mchezo wa ngazi hiyo. Nilikuwepo. Kwa miaka kadhaa nimewasimulia watu hapa nyumbani kwamba nilisimama hadi filimbi ya mwisho, kwamba uwanja mzima ulijua unashuhudia kitu ambacho hautakishuhudia tena, na kwamba tulitoka tukiwa kimya kwa mshangao.

Mwaka juzi nilikuwa nahamisha mazungumzo ya zamani kutoka simu iliyochoka, nikayakuta niliyomwandikia kaka yangu aliyeko Shinyanga usiku ule ule. Nilikuwa nimemwandikia nikiwa njiani kurudi nyumbani, robo ya nne ikiwa bado haijaisha, kwa sababu asubuhi yake nilikuwa na sampuli za nyuzi za pamba za kupima. Nilimweleza kwamba tunafungwa tena, kwamba safu yetu ya ulinzi haijui kukaba, na kwamba kilichoniuma zaidi ni kumwona Baker Mayfield, kwotabeki wa Oklahoma, akitufanyia vile. Mayfield alikuwa amecheza Texas Tech mwaka 2013 kabla ya kuhamia Oklahoma, na usiku ule alirusha pasi 7 za mabao. Ndiye aliyezomewa, na ndiye aliyejaza midomo ya watu. Katika ujumbe wangu wote mrefu, Mahomes alipata sentensi moja, nayo ilisema kwamba kijana anajitahidi lakini anarusha mno.

Sikuamini macho yangu, lakini maandishi yalikuwa yangu, na saa ilikuwa imeandikwa pembeni. Kile kimya cha mshangao ninachokikumbuka sikukisikia, kwa sababu wakati watu wanatoka mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. Nadhani nimekijenga baadaye, kutokana na marudio niliyoyatazama baada ya 2018, mwaka ambao Mahomes alitoa pasi 50 za mabao katika msimu wake wa kwanza wa kuanza NFL na kuwa mchezaji bora wa ligi.

Kuna sababu nyingine iliyotufanya tusione, nayo inahitaji kuelezwa vizuri kwa sababu inapotea kabisa katika masimulizi ya leo. Yadi nyingi za pasi hazikuwa jambo geni Lubbock. Tangu kocha Mike Leach alipofika mwaka 2000 na mfumo wake wa kurusha mpira karibu kila shambulizi, kila kwotabeki aliyepita pale alivuna takwimu za kutisha. Kliff Kingsbury, ambaye baadaye ndiye aliyekuwa kocha wa Mahomes, alipita yadi 5,000 mwaka 2002. Mwaka uliofuata B.J. Symons alifikisha 5,833, rekodi ya taifa iliyodumu hadi 2021, na NFL hakucheza hata mchezo mmoja wa msimu wa kawaida. Kwa hiyo mtu wa Lubbock alipoona yadi 734 hakusema kwamba amezaliwa mfalme. Alisema kwamba ni mfumo, kwamba yeyote ukimweka pale atarusha hivyo hivyo. Yale tunayoyatoa leo kama ushahidi wa ukuu wake, wakati ule yalikuwa ushahidi wa kumshuku. Mwisho wa msimu ule hakuwa miongoni mwa wachezaji 5 walioalikwa New York kwa ajili ya tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mayfield alikuwa mmoja wao, na tuzo ilikwenda kwa Lamar Jackson. Mwezi mmoja hivi baada ya mchezo wa Oklahoma, Iowa State walitufunga 66 kwa 10, na sijakutana na mtu anayeusimulia mchezo huo.

Sisemi kwamba hakuwa na kipaji. Mwaka 2014, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliwarushia Baylor yadi 598 na pasi 6 za mabao katika mchezo tuliopoteza 48 kwa 46, na aliyekuwa na jicho la kuona angeweza kuona. Walikuwepo: Kansas City walibadilishana zamu na klabu nyingine ili wapande hadi nafasi ya 10 mwaka 2017 na kumchukua. Ninachosema ni kwamba kipaji kilikuwepo, vipigo vilikuwepo na mashaka yalikuwepo, vyote kwa pamoja, na ushindi wa baadaye umebakiza kimoja na kuvifuta viwili.

Mfano wa Tom Brady, kwotabeki aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa NFL, ni wa namna hiyo hiyo. Leo ukisikia Brady na Michigan unadhani chuo kizima kilimsujudia. Alikaa benchi hadi 1998. Wakati Michigan wanapata taji la taifa la msimu wa 1997, aliyekuwa akirusha mpira ni Brian Griese. Alipopata nafasi, kocha Lloyd Carr alimgawia muda na kijana mwingine, Drew Henson, kiasi kwamba mwanzoni mwa msimu wa 1999 Brady alicheza robo ya kwanza, Henson ya pili, kisha kocha akaamua nani aendelee. Brady alishinda michezo 20 kati ya 25 aliyoianza, akamaliza kwa kuifunga Alabama 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza, rekodi ambayo ni nzuri sana, lakini NFL ilimchukua wa 199. Jambo la ajabu ni kwamba hata simulizi la kudharauliwa kwake limekuzwa na mataji yake 7. Angeondoka kwenye ligi baada ya miaka 2, asingekumbukwa kama aliyedharauliwa wala kama aliyetukuzwa. Angekuwa kwotabeki mzuri wa Michigan kati ya wengi.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaoniuma. Kwotabeki Ryan Leaf aliipeleka Washington State kwenye Rose Bowl, mchezo wa heshima wa mwisho wa msimu, wa Januari 1998, mara ya kwanza kwa chuo hicho baada ya miaka 67, na leo jina lake linatajwa kama mfano wa kushindwa, kwa sababu tu NFL ilimshinda. Tee Martin aliwapa Tennessee taji la taifa msimu wa 1998, mwaka mmoja tu baada ya Peyton Manning, aliyekuja kuwa nyota wa NFL, kuondoka bila kulipata na bila kuwafunga Florida hata mara moja katika michezo 3 aliyoianza dhidi yao; uliza watu 10 wa nje ya Tennessee ni nani kwotabeki mkubwa wa chuo hicho miaka ile, uone watakutajia nani.

Kwetu Lubbock aliyeibiwa hivyo ni Graham Harrell, kwotabeki wetu wa kabla ya Mahomes. Msimu wa 2008 timu yake ilishinda michezo 11 na kupoteza 2. Tarehe 1 Novemba mwaka huo, Chuo Kikuu cha Texas, walioshika namba 1 nchini, walikuja Lubbock, na zikiwa zimebaki sekunde 8 wakiwa mbele kwa pointi 1, Harrell alimrushia mwenzake Michael Crabtree pembeni ya uwanja, Crabtree akashika, akamponyoka beki na kufunga ikiwa imebaki sekunde 1. Matokeo yalikuwa 39 kwa 33. Harrell hakuchaguliwa na klabu yoyote ya NFL, akaenda kwanza Kanada, na baadaye alionekana uwanjani kidogo sana akiwa na klabu ya NFL ya Green Bay. Kwa kipimo cha chuo, Harrell ni mkubwa kuliko Mahomes, na silisemi hilo kwa kutafuta ubishi: alishinda zaidi, alifunga wakubwa zaidi, na aliupa mji usiku ambao watu wazima walilia. Lakini mgeni anayefika Lubbock leo huulizia jezi ya Mahomes.

Nadhani chanzo chake ni namna habari zinavyosafiri. Ligi ya kulipwa ina televisheni ya nchi nzima, na mtangazaji anapokuwa na dakika ya kujaza huchota kipande cha video cha chuoni kinacholingana na mtu anayemzungumzia. Mchezaji akiwa bingwa, hutafutwa pasi yake nzuri. Akishindwa, hutafutwa kosa lake. Baada ya kuona kipande hicho mara 50, shabiki aliyekuwepo uwanjani huanza kukumbuka kipande badala ya siku. Kisha huongezeka haja ya kila mmoja wetu ya kuwa sehemu ya jambo kubwa. Mimi mwenyewe, Februari 2020, Kansas City waliposhinda Super Bowl, fainali ya NFL, kaka yangu aliniandikia kuuliza kama huyu si yule wa chuoni kwetu, nami nikamjibu kwamba nilikwisha kumwambia tangu zamani. Sikuwa nimemwambia chochote. Nilipoandika jibu lile niliamini ni kweli, na ndiyo maana ninamsihi ndugu mwuliza swali asituchukulie kuwa waongo, wala asitutegemee kama mashahidi. Akitaka kujua watu walimwona vipi Mahomes chuoni, asome magazeti ya Texas ya Oktoba na Novemba 2016, yaliyoandikwa kabla mtu yeyote hajajua mwisho wake.

Oktoba 2022 chuo kiliweka jina la Mahomes kwenye uwanja, kati ya wachezaji wake wa heshima. Siku chache baadaye nilimpigia simu mzee mmoja mkulima wa pamba, ambaye shamba lake ndilo nililochukulia sampuli zangu kwa misimu 3 na ambaye alinipokea mezani kwake kama mwanawe. Nilimuuliza kama alihudhuria. Alisema alikuwepo, sherehe ilikuwa nzuri, na kijana ana adabu. Halafu akaniuliza kama niliwahi kusimuliwa vizuri ile pasi ya Harrell kwa Crabtree, na kabla sijajibu akaanza kunisimulia, kuanzia ile sekunde ya 8.