Faili Linapoganda Wakati wa Kuhifadhi: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mahesabu

Ni jioni ya tarehe 30. Mishahara iko tayari, umebonyeza Ctrl na S, na Excel imeganda. Kioo kinapauka, juu yanatokea maneno kwamba programu haijibu, kiduara kinazunguka tu. Wewe uliyeanza kazi juzi, jambo hili litakufika, na nakuomba usifanye nililofanya mimi mwaka wangu wa kwanza: nilizima kompyuta kwenye swichi. Kazi ya kutwa nzima ilipotea, na wafanyakazi wakasubiri mishahara siku mbili zaidi. Walikuwa watu wenye kodi za nyumba za kulipa, na hadi leo naliona kosa lile kuwa kubwa.

Kwanza subiri. Programu isiyojibu huenda bado inafanya kazi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager, dirisha linaloonyesha programu zinazoendelea kwenye kompyuta, itafunguka. Itazame Excel kwenye orodha. Namba za prosesa au diski zikipanda na kushuka, iache hata dakika kumi. Zikikaa sifuri muda mrefu, ndipo uifunge, lakini kabla ya hapo chukua simu upige picha namba zilizo kwenye kioo. Picha hiyo imeniokoa zaidi ya mara moja.

Ujue pia kinachofanyika pale. Excel haiandiki moja kwa moja juu ya faili lako la zamani. Huandika faili la muda kwenye folda ileile, likikamilika hulifuta la zamani na kulipa hilo jipya jina lake. Ndiyo maana mtandao ukikatika au flashi ikichomolewa katikati, wakati mwingine unakuta kwenye folda kitu chenye jina la herufi na tarakimu zisizoeleweka. Usikifute. Kinakili mahali pengine, ongeza .xlsx mwishoni mwa jina la hiyo nakala, kisha jaribu kuifungua.

Sasa chanzo. Wengi hukimbilia kuomba kompyuta mpya. Mimi huanza na swali moja: ni faili hili tu, au yote? Fungua faili jipya tupu, andika neno moja, lihifadhi palepale. Likihifadhika upesi, ugonjwa umo ndani ya faili lako. Nalo likiganda, lihifadhi kwenye diski ya kompyuta yenyewe. Likikubali, shida ni flashi, mtandao wa ofisi au folda inayojipakia mtandaoni. Likikataa na hapo, ifunge Excel, kisha ifungue huku umeshikilia Ctrl ili iwake bila programu-jalizi, yaani programu ndogo za ziada zilizounganishwa nayo. Ikipona, zizime zote na uziwashe moja moja mpaka umpate mkosaji. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichoponya.

Mara nyingi, lakini, ni faili lenyewe. Nilikabidhiwa faili la stoo la duka la vifaa vya ujenzi: bidhaa kama 600, lakini uzito wake ulizidi MB 30. Nikabonyeza Ctrl na End, nikajikuta mstari wa 1,048,576, ambao ndio wa mwisho kabisa kwenye shiti. Mtu alikuwa ameburuta fomula za safu tatu hadi chini, na kila tulipohifadhi, mamilioni ya seli zisizo na kazi yaliandikwa upya. Tiba yake: tengeneza nakala, chagua mistari yote iliyo chini ya bidhaa ya mwisho, bofya kitufe cha kulia cha kipanya uifute mistari yenyewe, kisha hifadhi. Kitufe cha Delete hakitoshi, kwa sababu huondoa maandishi na kuacha rangi na mipaka.

Kama hilo halikusaidia, bonyeza Alt na F10. Itatokea orodha ya picha na maumbo yote ya shiti hiyo. Data iliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti huja na visanduku visivyoonekana, wakati mwingine mamia. Vifute, ila uangalie usifute na nembo ya kampuni. Tazama pia fomula za OFFSET, INDIRECT na TODAY, ambazo hujikokotoa upya kila mara. Zikiwa maelfu, faili zima linakuwa zito.

Na kama Excel inaganda kila baada ya dakika kumi hata hujabonyeza chochote, huko ni kujihifadhi kwake kwa dharura, ambako kwa kawaida kumewekwa dakika kumi. Usikuzime ili upate wepesi. Lipunguze faili: hamishia miezi ya zamani kwenye faili la kumbukumbu, ubaki na robo mwaka unayofanyia kazi.