Bata wa Dhahabu Aliyeninyima Maikrofoni

Dada mmoja wa Dar kaniandikia: kaombwa atangaze kriketi kwa Kiswahili, lakini maneno ya mchezo wenyewe yanamvuruga, aanzie wapi? Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka, maana nilikumbuka yangu.

Mechi yangu ya kwanza redioni ilikuwa ya ligi tu, Nairobi. Nahodha wa wenyeji akatolewa kwa mpira wa kwanza kabisa kupigiwa, bila ran, yaani alama ya kriketi, hata moja. Hiyo huitwa "golden duck", nami nikapaza sauti: "Amepata bata wa dhahabu!" Simu zikamiminika studioni. Mzee mmoja akauliza, kwa upole kabisa, kama bata huyo hutolewa hai ama keshachinjwa. Sikukoma. Ova, yaani mipira sita ya mrushaji mmoja, ikapita bila ran hata moja, "maiden", nikaiita ova ya mwanamwali. Mtayarishaji akanizimia maikrofoni. Wiki iliyofuata nikapangiwa matangazo ya vifo. Bado naona haya, na hasira kidogo pia, maana yeye mwenyewe hakuwa na neno lingine la kunipa.

Dada, usitafsiri neno, tafuta lilikotoka. Yule bata ni yai lake tu: sufuri ina umbo la yai. Sema "karudi na yai", hata mtoto ataelewa. "Silly point" si mahali pa wajinga. Ni pale mdakaji anaposimama karibu mno na gongo, mpira ukimpata ni meno. Mimi husema kasimama puani pa mpigaji. "Dusra" ni Kiurdu, yaani ule mwingine: mpira wa spini, yaani wa kuzungushwa, unaokata upande usioutarajia, silaha ya Saqlain Mushtaq wa Pakistani.

Mwaka 2024, Kombe la Dunia la T20, kriketi fupi ya ova 20 kila upande, huko Guyana, Frank Nsubuga wa Uganda, mtu wa miaka 43, aliwarushia Papua New Guinea ova 4, akatoa ran 4 tu na kuchukua wiketi 2, yaani akawatoa wapigaji wawili. Ova mbili hazikutoa kitu. Nilipokuwa nikisimulia kinyozini nikasema, "Ova mbili kavu!" Kinyozi akazima mashine asikie vizuri. Vijana, acheni uvivu wa kamusi. Tazameni mchezo kwanza, neno litakuja lenyewe.

Ila ubao wa matokeo ukisoma ran 111, hiyo ni Nelson, namba ya nuksi, nayo iache na jina lake. Simulia tu jinsi marehemu David Shepherd, mwamuzi Mwingereza mwenye kitambi chake, alivyokuwa akirukaruka kwa mguu mmoja mpaka namba ibadilike.